Nati Tano za Konokono

Tangu wavuke kilele, fundi alikuwa amekaa na sufuria mapajani kama anayembembeleza mtoto wa watu.

Ndani ya sufuria hamkuwa na kitu. Aliitoa kwenye kabati la nyuma, pale alipojenga jiko kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kila gari lilipokata kona alisikia tok, tok, tok, akajiambia ni sufuria tu inagongana na kifuniko chake. Mkewe, aliyekuwa kwenye usukani, akamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba inampigia kelele. Basi akaikumbatia. Kona iliyofuata, sufuria imetulia tuli mapajani, tok, tok, tok.

Hapo jasho likaanza kumtoka, na huko juu baridi ilikuwa inang'ata.

Tuseme ukweli, safari hii aliitaka yeye. Miaka thelathini ya ndoa, watoto wote wameshakwenda kwao, akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalitia kitanda, jiko la gesi na mapazia aliyoshona mkewe, akaliita Konokono kwa kuwa linatembea na nyumba yake mgongoni. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Mkewe ndiye anayeuza vipuri pale mbele ya gereji ya mumewe. Miaka yote hiyo yeye humwita mumewe Fundi, naye mume humwita Bosi, na wateja hawaachi kucheka. Walikubaliana kwamba milima ya kupanda ataendesha Fundi, ya kushuka ataendesha Bosi, maana goti la Fundi halipatani na breki.

Sasa walikuwa wanashuka. Barabara nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili, ule aliokaa yeye, hakuna kitu. Mto ulionekana huko chini mwembamba kama uzi. Mkewe alikuwa akisifia tu, mara ule ukungu, mara yale maporomoko ya maji. Fundi hakutazama. Mawazo yake yalikuwa yamerudi gereji, jana jioni, amechuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, hilo hilo lililokuwa likizunguka sasa karibu na miguu yake.

Alikumbuka kulifungua, kubadilisha pedi za breki, kulirudisha. Alikumbuka kuziingiza nati tano kwa vidole. Kisha binti yao akapiga simu kuwatakia safari njema, akaenda kuongea naye. Kisha akajikumbuka ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Kati ya nati na sabuni hapakuwa na kitu. Je, alizikaza kwa spana? Alijaribu kuukumbuka uzito wa spana mkononi, haukuja.

Si useme basi, mwanamume wewe? Mdomo si wako? Lakini asubuhi mkewe alimuuliza kama amekagua kila kitu, naye akafoka kwamba alianza kukaza nati kabla Bosi hajajua kuendesha hata baiskeli, asimfundishe kazi. Aliyefoka asubuhi ataanzaje kusema mchana kwamba hakumbuki? Wala haikuwa nati peke yake. Mwezi uliopita alikuta kifuniko cha oili cha gari la mteja mfukoni mwake, gari lenyewe limeshaondoka, akalifukuzia kwa pikipiki ya jirani. Baada ya wiki mbili akajikuta amesimama katikati ya gereji na bisibisi mkononi, hajui alikuwa anaelekea kwenye gari lipi. Hakumwambia mtu. Fundi asiyekumbuka ni fundi gani, na nani atamwachia gari lake? Alijua, kama tujuavyo sote, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hakufikiria kwamba siku hiyo mkewe atakuwa ameshika usukani.

Tok, tok, tok. Lori likatokea kwenye kona likipanda, limejaa barabara nzima. Mkewe akasogea pembeni, pembeni zaidi, mpaka Fundi akazisikia changarawe zikiporomoka upande wake. Lori lilipopita, mkewe akashusha pumzi, akamwangalia mumewe na kutabasamu. Fundi alimpenda mwanamke huyu kuliko gereji, kuliko jina lake. Alishangaa imemchukua muda gani kulikumbuka hilo.

"Simamisha gari," akasema. "Sikumbuki kama nilikaza nati za gurudumu hili."

Mkewe hakupiga kelele. Aliteremka taratibu mpaka barabara ilipopanuka kidogo kando ya jabali, akasimama, akavuta breki ya mkono, lakini mikono hakuitoa kwenye usukani.

"Nilizikaza mimi," akasema.

Akaeleza kwamba jana, Fundi alipokwenda kuoga, aliikuta spana sakafuni, akazigusa nati na zote tano zikacheza. Akapanda juu ya mpini wa spana kwa uzito wake wote mpaka zikakubali. Fundi akauliza kwa nini hakumwambia.

"Napita nyuma yako tangu mwaka jana, kila jioni. Ningekuambia mara ngapi?"

Aibu ilimpanda Fundi hadi masikioni. Akawafikiria wateja wote waliorudi kumshukuru, wakimsifu kwamba mkono wake hauzeeki, na Bosi kimya pale kaunta, anafuta vumbi kwenye vipuri. Akakasirika, kisha akakosa wa kumkasirikia. Mkewe akamshika bega, akasema yamekwisha, twende zetu. Na yeye alitamani sana yawe yamekwisha.

Lakini kama nati zimekazwa, nini kilikuwa kinagonga?

Akashuka. Akaanza na gurudumu la mbele: nati tano, zimekaza kama jiwe. Akazunguka hadi nyuma, upande wa dereva, akalibandua bamba la kufunika gurudumu. Nati mbili hazikuwepo. Tatu zilizobaki zilizunguka kwa kidole.

Gurudumu hili hakulifungua. Angekula kiapo mbele ya yeyote. Alitaka kumwita mkewe amwambie kuna mtu amelichezea gari, ndipo akaona kitu ndani ya bamba aliloshika. Kilikuwa kitambaa chake cha kufutia mikono, kile cha bluu alichokitafuta asubuhi nzima.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema jana jioni, alipopita na spana, upande ule gari lilikuwa limeshasogezwa likabanana na ukuta, hakuweza kupita. Akalirudia hilo mara mbili, kisha akakaa chini kwenye changarawe na kulia. Fundi akakaa naye. Wakakaa pale muda mrefu, mabega yakigusana.

Baadaye akatoa jeki na spana. Aliazima nati moja kwenye gurudumu jingine ili hili la nyuma liwe na nne, akazikaza zote, kisha akayapitia magurudumu mengine matatu, nati moja moja, akihesabu kwa sauti. Kichwa chake kilikuwa safi. Aliusikia uzito wa spana kila mara.

Alipomaliza hakuirudisha spana mahali pake. Akampa mkewe.

"Pita nyuma yangu, Bosi," akasema. "Leo nikiwa naona."

Mkewe akazunguka. Gurudumu la kwanza, zote zimekaza. La pili, zote. Kwenye la tatu, nati ya chini ilikuwa bado imelegea, spana ikaizungusha nusu mzunguko. Mkewe akainua macho, Fundi alikuwa anaitazama. Akaikaza, kisha akaenda kwenye gurudumu la nne.