Pipa la Mafuta Machafu

"Nimekuuliza mara tatu, Vagheni. Ni weye ao hapana?"

"Ni miye, Mama Shefu. Na sasa?"

"Na sasa?" Kavugho aliinua ndoo ya maji ambayo Mama Kavira, jirani wa bondeni, alikuwa amembwagia mezani asubuhi. Juu ya maji kulitanda mafuta, yanameremeta kama shingo ya njiwa. "Haya ndiyo maji ya kupikia batoto bake. Kunywa kidogo basi, tuone."

Mafundi wengine walizama chini ya lori lililotoka Kirumba, lakini masikio waliyaacha nje.

Kavugho alikuwa na wiki tatu tu tangu akabidhiwe garaji ile ya mtaa wa Mususa. Mwenye mali alimpa kwa sababu ana diploma, na kwa sababu mwaka ule wa elfu mbili wanaume wengi wenye diploma walikuwa wamekimbia vita. Gérard aliyemtangulia, ambaye sasa alisimamia garaji ya Beni, aliongoza kwa koo. Aliacha sheria moja ukutani, kwa rangi nyekundu: vidanje yote, yaani mafuta machafu ya injini, iende kwenye pipa la langoni, likijaa, maseremala walichukue kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Atakayemwaga kwenye mfereji unaoshuka bondeni anafukuzwa siku hiyohiyo. Gérard alifukuza wawili, na mfereji ukaendelea kunuka. Kavugho hakubadili kitu. Aliongeza sauti tu. Nyumbani sauti hiyo ilitosha kuwaamsha watoto watano na kuwafikisha shule, akadhani mafundi nao ni vilevile.

"Sheria unaijua," alisema.

"Naijua. Nifukuze. Batoto bangu bane batakula sheria."

Neno "toka" lilikuwa tayari mdomoni, lakini Kavugho alilimeza kwanza. Fundi wa giaboksi kama huyu hakuwapo mwingine mpaka Beni. Tena siku zile, mtu akikosa kazi leo, kesho unamkuta amebeba bunduki, au mzigo wa mwenye bunduki.

Mzee Mathe, fundi wa kwanza wa garaji ile, alitoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Mama, kabla ya kumufukuza, uliza kitu kimoja. Gérard hakuuliza hata siku moja."

"Kitu gani, Papa Mathe?"

"Pipa liko wapi?"

"Langoni. Kila mutu anaona."

"Na ng'ambo ya lango kuna nani?"

Kavugho alitazama. Kulikuwa na bariera ya askari, kamba moja na magogo mawili. Aliipita kila siku na kikapu chake, na hakuna aliyewahi kumgusa.

"Juma lililopita nilienda pale na beseni," Vagheni alisema. "Sikufika kwenye pipa. Askari bakaniita: 'Fundi, kuya hapa!' Bakanibebesha sanduku la risasi kupita Rughenda, siku mbili. Niliporudi nilikuta umeandika kwenye kitabu: mutoro."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kelele, Mama. Ningesema saa ngapi?"

Chini ya lori mtu alicheka, kisha akajikohoza. Kavugho naye angecheka, lakini aibu ilimwahi.

"Basi tulete pipa huku nyuma."

"Lakini mvua je, Mama," alisema Mathe. "Mafuta yanaelea. Pipa likijaa maji, yanamwagika ya kwanza, yanarudi mulemule mferejini. Linataka paa."

Kavugho aliangaza uani. Karakana ilijaa lori, hata mtu alipita kwa ubavu. Paa nyingine zilikuwa mbili tu: kibanda cha langoni, na bureau, ofisi yake mwenyewe.

"Vagheni."

"Niko."

"Shika meza yangu upande ule."

"Unanifukuza ao unanihamisha?"

"Anayehama ni shefu. Shika, nimesema!"

Meza ikatoka kuelekea kibanda cha langoni, na kiti, na kitabu cha mahudhurio. Mlangoni Kavugho alisimama, akafungua kitabu na kufuta neno "mutoro" kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama, utakaa langoni kweli?" Mathe aliuliza. "Mbele ya bale batu?"

"Nitakaa. Askari akitaka fundi wangu, aniombe miye kwanza. Na tangu leo, kitu kikikataa, munakuja kuniambia. Nikipiga kelele, munangoja nichoke, kisha munasema."

"Tutazeeka, Mama," Vagheni alisema. Safari hii walicheka wote, na waliokuwa chini ya lori wakatoka kusukuma pipa. Liliingia bureau likiacha alama nyeusi kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ileile.

Kavugho hakuiangalia sakafu. Alikunja mikono ya blauzi, akavuta beseni la vidanje kutoka chini ya lori, akalibeba hatua kumi, akalimimina pipani mwenyewe.