Ramani Iliyobaki kwa Mama Abeid

Dokta Odeta alifungua mafunzo ya mtandaoni amenuna. Miaka kumi na tisa anatafiti samaki wa Ziwa Viktoria, leo afundishwe na kompyuta kutunza siri! Lakini masharti ni masharti. Yeye na wenzake wa chuo kimoja cha Marekani walikuwa wanaomba ruzuku ya serikali ya huko, na kila mtafiti aliyetajwa kwenye ombi alitakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa utafiti. Mwisho Ijumaa, na leo Jumatano.

Akabofya, akabofya. Usimpe mtu nywila yako. Haya, nani asiyejua? Ukialikwa safari, sema nani kakulipia. Sawa. Alikuwa anapiga miayo juu ya chai yake ya maziwa mpaka likaja swali la sehemu ya tatu: data zako zimepita wapi na wapi? Taja kila mahali.

Kompyuta ya ofisini. Diski iliyofungiwa kabatini. Halafu akakumbuka.

Wiki tatu nyuma printa ya ofisi iligoma, naye akaenda kuprinti ramani ya mazalia ya sato, mahali samaki hao wanapotagia, kwenye steshenari ya Mama Abeid, pale Kirumba. Alifungua imeli yake kwenye kompyuta ya duka, kama tunavyofanya sote, akachukua karatasi, akaondoka. Kama aliifunga, hakukumbuka.

Na ramani ile haikuwa yake peke yake. Mzee Yakobo, mvuvi wa kisiwani Nansio, ndiye aliyempeleka kwa mtumbwi mpaka sehemu zile, sehemu alizoonyeshwa na marehemu baba yake. Alimpa sharti moja tu: "Mwanangu, wenye makokoro wasipajue." Kokoro likipita hapo linazoa samaki wakubwa kwa wadogo, na mwaka unaofuata hakuna cha kuvua.

Odeta aliacha chai mezani, akakimbilia bodaboda.

Mama Abeid, ambaye jina lake hasa ni Sada, alikuwa anatia plastiki cheti cha mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Dokta. Mbona unahema?"

Odeta akamweleza, maneno yakigongana mdomoni. Mama Abeid hakuacha kazi yake.

"Uliiacha wazi, kama kawaida yako. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Huwa nakufungia, na faili nalifuta kabla mteja mwingine hajakaa. Watu wanaleta hapa majibu ya hospitali, hati za viwanja, talaka. Nikiviacha, nitawatazamaje usoni?"

"Kwa hiyo hakuna aliyeiona?"

"Yupo mmoja alichungulia begani kwako. Ulipotoka akataka nimtolee nakala, eti mnafanya kazi pamoja. Nikamwambia, kama mko pamoja, kamwombe mwenyewe. Akaenda zake."

Odeta aliketi kwenye benchi la wateja, akalia kabisa, mtu mzima na udaktari wake. "Asante, Mama," alisema. "Asante sana. Mungu akuzidishie. Sikujua kama kuna mtu ananilinda."

"Futa machozi, utanilowanishia vyeti vya watu."

Alirudi ofisini, akalijibu lile swali kwa ukweli wote, kosa lake likiwemo. Kisha akampigia Mzee Yakobo, maana asiyesema ukweli hapo hastahili kupelekwa popote kwa mtumbwi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama anakula sato?" aliuliza.

Ijumaa asubuhi Odeta alimfikishia Mama Abeid sato wawili waliotoka Nansio na meli, wamefungwa vizuri, pamoja na salamu za Mzee Yakobo. Mama Abeid alipokea kwa mikono miwili, akasema huyo mzee ana adabu. Kwa kuwa printa ya ofisi ilikuwa bado imegoma, Odeta akaketi kwenye kompyuta ya duka, akaprinti cheti chake kipya cha usalama wa utafiti. Kilitoka kizuri, kina jina lake lote. Akaaga, akashukuru tena, akatoka nacho mkononi.

"Dokta," Mama Abeid aliita.

Odeta aligeuka. Mama Abeid alikuwa anaionyesha kompyuta kwa kidole. Imeli ilikuwa wazi.