Kwa Hiari ya Pande Zote Mbili

Miaka saba nimesoma jinsi Wachina wanavyopatanishwa, na Jumamosi ile nikapatanishwa mimi.

Nieleze mapema, maana watu wa hapa Minneapolis wakisikia Mnyakyusa anaandika tasnifu ya sheria za China wanacheka. Serikali yetu ilinipeleka kusoma Wuhan mwaka themanini na nne. Lugha nikaijua, sheria nikaipenda, baadaye chuo kikuu cha hapa kikanichukua. Naandika juu ya kamati za usuluhishi za mitaani: akina mama na wazee wanaopita nyumba hadi nyumba kumaliza ugomvi kabla haujafika mahakamani. Nilirudi huko nikanakili majalada mia mbili na kumi na nne. Karibu yote yanaishia hivi: wamekubaliana kwa hiari ya pande zote mbili.

Maprofesa wengi husema hiari gani, wale wanalazimishwa tu. Mimi hilo lilinikera. Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi Tukuyu, usuluhishi naujua! Nikaandika sura nzima ya kuwajibu. Zilibaki siku kumi na mbili niitetee tasnifu mbele ya kamati ya chuo.

Sasa mume wangu, Mudrick. Alikuwa amechoka kuwa na mke mwanafunzi, na simlaumu. Alitaka tununue nyumba Champlin, nje ya mji, na mimi niache masomo mwaka mzima, niongeze shifti kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi. Nikakataa. Akalipeleka shauri kwa wakubwa.

Kikao kilianza saa nane mchana, nyumbani kwa Mzee Evodius, mtaa wa Phillips. Yeye ndiye mwenyekiti wetu Watanzania. Pembeni yake alikaa katibu, Mama Ernestina, na daftari. Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, sijafumba jicho.

"Ikupa mwanangu," Mzee akaanza, "hatukuja kuhukumu mtu. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana."

Nikajieleza. Wakaitikia kwa vichwa, wakanipa chai. Mudrick akajieleza. Wakaitikia, wakampa chai. Kisha tukaanza upya.

"Hiyo shahada inakimbia?" Mama Ernestina akauliza.

"Haikimbii, mama."

"Haya. Na mume je?"

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, ningepata nguvu! Saa kumi nikajieleza mara ya tatu. Saa kumi na moja yakaja maandazi. Nje theluji, ndani joto la kulevya, na macho yangu mazito kama nimemwagiwa mchanga. Saa kumi na mbili kasoro robo Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningependa tupumzike tuendelee kesho baada ya kanisa.

Kesho tena! Jamani.

"Basi, yaishe," nikasema. "Nitaacha."

Wakapiga makofi. "Yaliyopita si ndwele!" akasema Mzee. Mama Ernestina akaandika, akanisomea: wamekubaliana kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mtu. Nikatia sahihi. Kwenye ngazi Mudrick akanishika mkono, akasema asante mke wangu, na alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, nikiwa nimelala saa kumi mfululizo, nikaenda chuoni kufungasha vitu vyangu. Maneno ya Mama Ernestina hayakunitoka. Nikalitafuta jalada namba themanini na nane.

Mama Liu, mshonaji. Mumewe alitaka auze cherehani, akamtunze baba mkwe. Vikao sita. Cha mwisho kilianza saa mbili asubuhi, kikaisha saa kumi na moja jioni. Nilimhoji mwenyewe, nikamuuliza kama alikubali kwa hiari. Akanijibu kwamba siku ile alikuwa na usingizi. Nikacheka, nikidhani ananitania, nikaandika pembeni: ameridhika.

Nikafungua sura yangu. Pale katikati nilikuwa nimeandika kwamba urefu wa vikao ni ushahidi wa subira ya wasuluhishi. Mjinga mimi! Saa za kuanza na kumaliza zilikuwemo katika kila jalada, nami miaka yote nazihesabu kama wema. Na wale maprofesa nao hawakupatia. Nani alimlazimisha Mama Liu? Walimpa chai.

Nikampigia simu Mzee Evodius.

"Shikamoo mzee. Ile karatasi ya jana naomba irekebishwe."

"Marahaba. Irekebishwe nini tena, mwanangu? Si ulisaini?"

"Nilisaini. Naomba Mama Ernestina aongeze saa. Tulianza saa nane, tukamaliza saa kumi na mbili kasoro robo. Na kwamba nilikuwa sijalala tangu juzi."

"Atakayesoma si atadhani tulikulazimisha?"

"Hamkunilazimisha, mzee. Mlinisubiri nichoke."

"Ikupa!"

"Masomo siachi. Sura hii naiandika upya, na siku zimebaki kumi na moja. Mudrick nitamwambia mwenyewe leo."

"Basi itabidi tukae tena," akasema, naye sauti imechoka.

"Tukae, mzee. Ila safari hii nitakuja nimelala."

Nikakata simu. Nikalirudia jalada la themanini na nane, nikafuta pale nilipoandika ameridhika, nikaandika alivyoniambia mwenyewe: alikuwa na usingizi.