Amwani Haihesabiwi

Joanitha alianza kuogopa saa nne asubuhi, akiwa mkekani kwenye msiba kijijini Ihembe. Moyo ulipiga mara moja kwa nguvu, ukasita, kisha ukaenda mbio. Alikuwa amekaa tu. Aliweka vidole viwili shingoni, akatazama saa ya simu. Mapigo mia moja thelathini na sita kwa dakika.

Mama yake alifariki akiwa na miaka arobaini na moja, akichambua maharage, bila kuugua. Walisema ni moyo. Joanitha angetimiza miaka hiyo mwezi Novemba, naye alikuwa amefika kilo tisini na mbili. Ndiyo maana alijiunga na kundi la simu lililofundisha vyakula vya kuuharakisha mwili uchome mafuta: tangawizi, pilipili, mdalasini, na chai nzito ya kijani vikombe vinne kwa siku. Katika miezi miwili alipunguza kilo sita. Hapo msibani alikunywa chai yake kutoka kwenye chupa na kukataa chakula siku zote tatu.

"Mke wa Novatus anakula upepo," Stephania, mama mkwe wake, aliwaambia wanawake wenzake siku ya pili. "Jeneza lake watalibeba watu wawili." Walicheka kwa sauti ya chini, kama inavyofaa msibani.

Leo Stephania hakutania. Alipoona mkwewe hatoi vidole shingoni, aliita bodaboda, wakapanda wote wawili hadi zahanati.

Kwenye benchi alifungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha amwani.

"Tafuna, mwanangu. Itakutuliza."

Amwani ni buni iliyochemshwa na majani ya kunukia, kisha ikakaushwa. Mgeni hupewa atafune kabla ya maongezi. Msibani kikapu chake kilizunguka tangu asubuhi hadi jioni, na Joanitha, ambaye hakula kingine, hakukiacha kipite. Ilikata njaa. Alitia punje tano mdomoni. Ndani ya robo saa vidole vilikuwa baridi, na hakuweza kuvuta pumzi hadi mwisho.

Tabibu, Athanasi, kijana mtulivu mwenyeji wa Rugera, alimwamkia Stephania, kisha akampima Joanitha bila haraka. Mia moja arobaini na nane.

"Kuna aliyekufa kwa moyo katika familia?"

"Mama yangu."

Athanasi aliandika. "Kahawa unakunywa?"

"Sinywi kabisa. Kwenye kundi wanaikataza."

Alimuuliza kuhusu chai, akaandika vikombe vinne. Aliitazama namba hiyo, akatikisa kichwa. Vikombe vinne peke yake havikutosha kueleza mapigo yale.

"Hapa hatuna kipimo cha umeme wa moyo," alisema. "Itabidi uende hospitali sasa hivi."

Joanitha alitaka kujibu, lakini kwanza alisogeza kitu shavuni kwa ulimi. Athanasi aliinua macho.

"Unatafuna nini?"

"Amwani."

"Umetafuna nyingi?"

"Sijui. Amwani haihesabiwi."

"Nimekuuliza kahawa, mama."

"Hiyo si kahawa," alisema Stephania. "Hiyo ni ya wageni."

"Bibi, imeota kwenye mti gani?"

Stephania alifunga tena kifurushi chake. Athanasi alimpa Joanitha kikopo ateme, akamletea maji.

"Chai ile ina kafeini, buni ina kafeini, na tumbo ni tupu. Hakuna dawa ya kuitoa. Baada ya saa tano au sita itakuwa imepungua nusu. Lala hapa kwanza nikuangalie; kifua kikibana, au ukipoteza fahamu, gari litakupeleka hospitali."

"Kwa hiyo si moyo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema moyo wako nimeukuta umechochewa. Ulivyo wenyewe, sijui."

Alilazwa kwenye kitanda cha dirishani. Stephania alikwenda kutafuta uji. Saa saba mapigo yalikuwa mia moja thelathini na mbili. Saa tisa, mia moja ishirini na moja. Mara mbili moyo ulisita tena, na kila mara Joanitha alishika chuma cha kitanda akingoja pigo linalofuata.

Saa kumi na moja jioni Athanasi alimwandikia rufaa ya kupimwa moyo Jumatatu. "Mpaka siku hiyo kula chakula, kunywa maji. Usinywe chai yako, usitafune."

"Na kabla ya Jumatatu?"

"Kabla ya Jumatatu hakuna anayejua, mama. Hata mimi."

Tabibu alipotoka, Joanitha alirudisha vidole shingoni. Mia moja na nane. Hakuiamini hesabu yake, akaanza upya.