Ndoo ya Pampasi za Kaimu

Hebu niambie, mwenzangu, pampasi ya mtoto ikishajaa, kwenu mnaipeleka wapi?

Ukiwa wa mjini utasema gari la taka linapita. Haya. Ruponda gari la taka halipiti, wala halijawahi kupotea njia likapita. Bi Mwanaima alikuwa na pampasi za mjukuu wake za wiki tano ndani ya nyumba, na mwezi wenyewe ni wa kumi, jua linachoma tangu saa mbili asubuhi, korosho ndiyo kwanza zinadondoka.

Mjukuu ni Kaimu, miezi kumi, amepewa jina la babu yake marehemu, kwa hiyo Bi Mwanaima akimwita "mume wangu" hakuna anayeshangaa. Baba wa mtoto, Harithi, yuko Mtwara kwenye vibarua vya ujenzi. Mama yake, Zuleha, amepata kazi ya kupika kwenye kambi ya wachimbaji huko Ruangwa, na pale jikoni mtoto mchanga haruhusiwi. Sasa kwa watu wa huku mtoto ni wa upande wa mama, akikosa pa kwenda ni bibi mzaa mama ndiye anayembeba. Lakini mama yake Zuleha alishafariki. Bi Mwanaima ni mzaa baba. Angesema hapana, wangesema watu, "Mnaona? Kwa sababu si wa ukoo wake." Akampokea.

Siku ya kumleta mtoto Zuleha alipiga magoti kama mkwe mwenye adabu.

"Mama, naomba kitu kimoja tu. Zisichomwe. Ukichoma pampasi, mtoto anababuka makalio. Kuna mwenzangu ilimtokea."

"Najua, mwanangu." Na kweli alijua. Alilelewa kwa neno hilo, kwamba kilichotoka mwilini mwa mtoto hakipelekwi motoni.

"Na zisitupwe hovyo, watu wabaya wapo. Wewe ziweke tu. Nikija kila wiki mbili nitazibeba, kule gari la taka linapita mlangoni."

Ziweke tu. Ni neno jepesi mdomoni.

Mara ya kwanza Zuleha alikuja, akabeba sandarusi moja kweli, konda akamuuliza kwa sauti kama amebeba mzoga, gari zima likacheka. Mara ya pili alikuja kwa lifti ya gari la kazini, akaona haya kupakia. Mara ya tatu hakuja kabisa. Alimpa dereva wa gari la abiria robota jipya la pampasi, na kwenye simu akasema kazi zimebana. Kwa hiyo safi zikawa zinakuja, chafu hazitoki.

Usidhani Bi Mwanaima alikaa tu. Alijaribu choo. Choo chao ni kifupi, waliokichimba walikuta mwamba wakaacha, na pampasi ikilowa inavimba kama andazi kwenye mafuta. Alitupa nne, akamulika tochi, akaona shimo limesogea juu, akaacha. Alijaribu kuzifukia nyuma ya shamba. Mbwa wakafukua, wakaiburuta moja mpaka uwanja wa msikiti, siku ya Ijumaa, watu wanatia udhu. Mzee Mohamedi aliisukuma kwa ncha ya fimbo hadi nje ya uwanja.  Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani, maana kitongoji kizima mtoto anayevaa pampasi ni mmoja.

Ndipo ikaja ndoo, ndoo ya rangi ya lita ishirini, yenye mfuniko wa kubana. Na Bi Mwanaima ni mtu wa utaratibu. Kwanza huenda na pampasi chooni akakung'uta kile kigumu chote kidondokee shimoni, maana harufu kubwa inakaa hapo. Kisha huikunja kwa ndani, anaiviringisha ibane kama mkeka unaohifadhiwa, anaifunga kwa vile vigundishio vyake vyenyewe. Anaitia kwenye mfuko wowote alionao, wa chumvi, wa unga, anaukamua hewa, anapiga fundo. Ndipo inaingia ndoo, na juu yake konzi mbili za majivu ya jikoni. Maganda ya ndimu alijaribu: yalioza yenyewe yakawa harufu ya pili. Mwarobaini ulifukuza inzi, harufu ukaiacha. Vipande vya mkaa vilisaidia kidogo. Kilichokuwa kiboko ni majivu, makavu, yaliyochekechwa.

Ndoo ikijaa, vifurushi vinahamia kwenye sandarusi, na sandarusi zinakaa stoo, ukuta mmoja na chumba chake cha kulala, kwa sababu nje kuna mbwa. Wiki ya kwanza majivu yaliweza. Wiki ya tatu yakashindwa. Harufu ilipita ukutani, ikaingia kwenye kanga zilizokunjwa, ikaingia kwenye msala. Anatia udhu, anasimama kuswali, anahisi bado hajatoharika. Mwishowe akahamisha msala barazani, akawa anaswali mbele ya wapita njia kama msafiri.

Sikudhani, jirani yake na mtani wake wa tangu utoto, alikuja kuazima ungo akaishia uani.

"Mtani, siku hizi nyumba yako inanisalimia kabla yako."

"Wewe pita tu."

"Nipite wapi? Naongelea hapa hapa. Mwenye mtoto yuko wapi?"

"Kazini."

"Na wewe uko wapi, harusini? Mwambie aje amchukue mwanawe."

"Nitamwambiaje mkwe? Nianzie wapi, kwenye kinyesi?"

"Kama huwezi kumwambia, muimbie."

Bi Mwanaima alicheka, akamletea ungo. Alichokitaka alikijua tangu wiki ya pili. Alitaka mtoto arudi kwa mama yake. Si kwamba hampendi, Mungu ndiye ajuaye. Ila miaka sitini na saba kumbeba mtoto mgongoni huku umeinama kuokota korosho, ukirudi unachota maji, ukimaliza kuchota unafunga vifurushi vya pampasi, hapo mifupa nayo inasema. Kila akishika simu aliambiwa, "Mama, mjukuu hajambo?" naye akajibu, "Hajambo, mwanangu, wala usiwe na wasiwasi." Neno lenyewe likabaki chini ya ulimi.

Basi akatafuta njia ya kupunguza mzigo bila kusema. Badala ya pampasi tano kwa siku, akawa anamvalisha tatu, kisha mbili. Mtoto anatambaa pampasi inamning'inia magotini. "Vumilia, mume wangu," anamwambia, "tukibadili sasa hivi tutaiweka wapi?"

Alhamisi Zuleha alipiga simu: Jumamosi anakuja, amepewa siku moja.

Jumamosi hiyo Bi Mwanaima aliamka na mawazo ya harufu tu. Mkwe asije akafika, akaziba pua, akasema mwanangu analala kwenye nyumba gani. Alipika uji haraka haraka, akafagia, akafungua zile sandarusi tatu moja moja azimwagie majivu mapya. Na kuni za siku ile zilikuwa za mkorosho. Moto wa gogo la mkorosho unakufa juu, ndani uko macho. Hilo huwezi kumfundisha mwanamke wa Ruponda, na Bi Mwanaima alikuwa amewafundisha wengine. Lakini mtu aliyechoka anajua kitu na hakitumii. Alizoa majivu jikoni, yalikuwa meupe, akayamwaga, akafunga mlango wa stoo, akaenda kuteka maji ya kumwogesha mtoto.

Alirudi akakuta moshi unatoka chini ya mlango, mweusi, mzito, unanuka plastiki na vile vingine vyote. Alizivuta sandarusi uani kwa mikono yake. Ya tatu ilikatika njiani, na upepo ulipoipata tu, zote zikashika moto.

Sikudhani alikuja mbio na ndoo ya maji. Walimwaga, wakamwaga tena. Kilichobaki ni donge jeusi, linafuka.

"Umezichoma, mtani?"

"Sijazichoma. Zimeungua."

"Na moto unajua tofauti?"

 Bi Mwanaima alikuwa amekwisha geuka, anamtafuta mtoto. Kaimu alikuwa kwenye mkeka barazani, analia, na pampasi yake nzito ya tangu jana. Alimlaza, akaifungua. Makalio yalikuwa mekundu kama papai lililoiva, na kwenye mapaja ngozi imechubuka. Bi Mwanaima akakaa chini palepale.

"Tazama. Tazama, Sikudhani. Nimemchoma."

Sikudhani aliinama, akaangalia, akanusa pampasi. "Hii umemvalisha lini?"

"Jana alasiri."

"Mtani. Huu ni mkojo."

"Mkojo haujaanza leo. Moto ndio umeanza leo."

"Mkojo umeanza wiki mbili zilizopita, ulipoanza kuzihesabu pampasi kama vidonge vya hospitali. Nimekuona. Nilidhani unajua." Akasimama, akajipangusa masizi. "Nenda ukamwogeshe, acha kuniliza."

Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta ya ufuta kwa ncha ya kidole, taratibu, mtoto anajikunja. Kila alipogusa pekundu, aliomba msamaha kwa sauti. Hakujua anamwomba nani, mtoto au babu wa mtoto mwenye jina.

Kutoka hapo mpaka saa saba alikuwa anatafuta la kumwambia mkwe. Angeweza kusema ni joto. Angeweza kusema siafu. Uani angeweza kupamwagia mchanga, na ile harufu ya plastiki angesema kuna mtu anachoma takataka zake upande ule. Alichukua jembe kabisa. Akasimama nalo, akaona mikono yake imejaa malengelenge, akalirudisha.

Zuleha alishuka kwenye bodaboda amebeba robota la pampasi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kabla hujakaa, njoo umtazame mwanao. Nimemchoma."

Robota likatuliwa chini. Bi Mwanaima alisema yote bila kupumua, majivu, mkorosho, stoo, sandarusi ya tatu, na alipofika mwisho akamfunua mtoto akageuza uso.

Zuleha alipiga magoti pembeni ya mwanawe. Akatazama. Akayagusa mapaja yaliyochubuka kwa mgongo wa kidole, Bi Mwanaima akihesabu inzi mlangoni.

"Mama," alisema hatimaye, "hivi hivi alikuwa akiwa na miezi minne. Kule Ruangwa. Nilikuwa namwacha kwa dada mmoja wa jirani, hambadilishi mpaka nirudi. Nikimfungua, ni hivi hivi. Na hakuna mtu aliyekuwa amechoma kitu."

"Hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Ungesema huyu mwanamke kashindwa mtoto mmoja." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuja kukupa wewe kwa sababu najua mikono yako. Na ile ya kuchoma nilisema tu kama ninavyosikia. Niliogopa kila kitu, mama, nikaogopa na hicho."

Aliishika mikono ya mkwewe, akaona malengelenge, akavuta pumzi ndani. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la maji baridi, akaitumbukiza ile mikono humo mmoja baada ya mwingine. Mtoto alikuwa ametambaa mpaka kwenye robota, anaipiga piga plastiki yake kwa furaha.

"Hizi nimeleta ni zile kubwa," Zuleha alisema, akitafuta pa kuanzia tena. "Zinakaa muda mrefu. Na zikichafuka nitatafuta bajaji mpaka Nachingwea mjini, nimwombe mtu wa gari, mwezi ujao nikipata nafasi..."

Mwezi ujao. Bi Mwanaima alilitazama robota, pampasi safi themanini, nyeupe, zimebanana. Aliziona zote zimekwisha kunjwa, zimefungwa, zimeingia ndoo. Aliona stoo yake na ukuta wake na msala wake barazani. Ulimi ukamwuma kama mtu aliyeweka kaa la moto chini yake tangu Agosti.

"Usilifungue," alisema.

"Nini, mama?"

"Robota. Usilifungue. Utaondoka nalo." Akatoa mikono majini, ikachuruzika. "Watasema nimemkataa kwa kuwa mimi ni mzaa baba. Waache waseme, Zuleha, masikio yangu yameshazoea. Kule kambini tafuta chumba nje, tafuta binti wa kukushikia, Harithi nitampigia mimi mwenyewe leo hii atume fedha. Lakini mwanao mchukue. Nimechoka. Nimechoka, mwanangu, na nilikuwa nakudanganya kwenye simu kila siku. Nataka niwe bibi yake tu. Umlete sikukuu, nimbebe, nimtanie, nimwite mume wangu, na akianza kulia nikurudishie."