Asali ya Mkalimani

Mjomba alikuwa fundi wa mikoba ya ngozi, na siku hiyo karakana yake yote ilining'inia kwenye ulimi wa mpwa wake. Mnunuzi alitoka ng'ambo. Lugha zao hazikukutana, na binti huyo, mpwa wake, ndiye aliyekuwa daraja. Mgeni asipoagiza mzigo, milango ingefungwa mwezi ukiisha.

Mgeni aliugeuza mkoba nje ndani, akaukwaruza mshono kwa ukucha, akaitikisa bizimu, kile chuma cha kufungia ukanda. "Bizimu hii mbaya," alisema. "Na ukanda mfupi, kama wa mtoto."

Binti alimjua mjomba wake, pilipili kichaa. Neno moja baya tu, angemtoa mgeni mbio. Basi akalipaka asali.

"Mjomba, anasema bizimu inapendeza, ila anauliza kama zipo za namna nyingine."

"Zipo tele! Mwambie ajisikie nyumbani."

Ikawa hivyo: shutuma ziliingia sikioni mwa binti chungu, zikatoka mdomoni tamu. Mjomba akazidi kuchekelea, mgeni akazidi kununa. Mwishowe mgeni akautupa mkoba mezani, akachukua koti lake.

"Mjomba wako haipendi kazi yake," alimwambia binti. "Nimemtukania mkoba, naye ananichekea. Kwetu, fundi asiyebisha anajua kazi yake ni mbovu."

Loo! Kumbe asali ndiyo iliyokuwa sumu.

"Mjomba, nisamehe, nilikuwa nayapamba maneno yake. Anasema bizimu yako mbaya. Na ukanda eti wa mtoto."

"Nani? Huyu?" Mjomba alisimama, kigoda kikaanguka. "Muulize huo mkanda aliovaa ni ngozi au karatasi! Bizimu hii nimeifua mwenyewe. Akiivunja, karakana ni yake!"

Binti akafikisha yote, hata karatasi. Mgeni akalitupa koti, macho yakimng'aa. Akaivuta bizimu, akaikanyaga, akaigonga mezani, wapi! Haikupinda. Lakini kwenye ukanda alikaza shingo. Akauvaa, ukamkwama kwapani, mkoba ukamning'inia kama mtoto aliyegoma kushuka.

Mjomba akaangua kicheko. "Hapo kanipata, mwehu huyu. Tutaurefusha."

"Na mzigo?" binti alimuuliza mgeni.

"Naagiza. Wa kwanza uondoke mwezi ujao."

Binti alijibwaga juu ya marobota ya ngozi, akamwambia mjomba kuwa mzigo umeagizwa, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Wee mpwa, usikae!" mjomba alifoka, uso wote meno. "Mwambie viatu vyake bado sijavisema."