Majina matano ya Bi Nélida

Kwa miaka ishirini na sita watu wa Paso del Sauce hawakununua tiketi ya farasi kabla ya kumsikia Ademar Olascoaga redioni. Alikuwa na sauti nzito, na akishasema farasi fulani leo anashinda, mji mzima ulipanga foleni dirishani. Lakini mji haukujua kwamba Ademar hakuwa na jicho la kuwajua farasi hata kidogo. Mwenye jicho alikuwa mkewe, Nélida.

Kila alfajiri ya siku ya mbio, Nélida alizunguka mabandani na kapu la mikate ya kukaanga, akiuza huku anatazama farasi: nani amesaza chakula, nani anakanyaga kwa kuogopa, nani manyoya yameanza kung'aa. Akirudi nyumbani alimsimulia mumewe, naye Ademar akaenda kuyasema kana kwamba ni yake. Mwanzoni ulikuwa utani wao wawili. Miaka ilivyokwenda, Nélida aliacha kucheka.

Mwezi Juni Ademar alipasuliwa koo, na ile sauti ikaenda. Redio ikatafuta mtabiri kutoka Montevideo, lakini nani angesafiri kwa saa tatu kwenye mvua ya Julai kwa ajili ya mbio tano za Jumanne, na farasi wenyewe ni wale ambao ama hawajawahi kushinda, ama wamesahau walishinda lini? Asubuhi ya Jumanne hiyo mkuu wa redio, Rubén Ithurralde, akaja mwenyewe nyumbani kwao, koti likichuruzika maji.

"Mzee Ademar, niandikie majina matano tu. Nitayasoma mimi."

Ademar akavuta daftari alilokuwa akiandikia maneno yake tangu atoke hospitali. Akaandika mstari mmoja, akamgeuzia mgeni. Ithurralde akausoma mara mbili, kisha akamtazama Nélida, aliyekuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha chai chungu.

"Anasema yote yalikuwa yako, mama. Tangu siku ya kwanza."

Nélida akaweka birika chini. Maneno hayo aliyangoja sana, mpaka akachoka kuyangoja. Akamtazama mumewe. Ademar hakukwepa macho yake. Alimwonyesha mlango kwa kidole. Nenda.

"Hutanisomea," Nélida akamwambia Ithurralde, huku akivua aproni. "Kama majina ni yangu, nitayasema kwa mdomo wangu."

Saa sita alikuwa ndani ya kibanda cha redio juu ya jukwaa, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vya uwanja mzima. Ilitetemeka kwenye jina la kwanza. Kwenye la pili ikatulia. Alipofika la tano, ilikuwa sauti ile ile anayoitia watu mikate.

"Mbio ya mwisho, Carbonero."

Baa iliyo chini ya jukwaa ikalipuka kwa kicheko. Carbonero alikuwa na miaka tisa na hakuwa ameshinda tangu majira mawili ya baridi yaliyopita. Nélida aliposhuka, Tabaré Cuitiño, muuza nyama, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Mama, huyo mzee umemchagua kwa sababu anakula mikate yako?"

"Anakula vizuri kuliko wewe, Tabaré. Na hasemi mdomo ukiwa umejaa."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wake. Akaingia baa akakaa karibu na dirisha linalotazama uwanja, ambako Ademar alikuwa ameshafika, amejifunga skafu mpaka masikioni.

Mbio ya kwanza, farasi wake akashinda. Ya pili, akashinda. Wanaume wakaanza kumtupia jicho bila kugeuza shingo. Ya tatu, farasi jike aliyemtaja akapitwa hatua ya mwisho, kwa pua tu.

"Mkeka umechanika!" Cuitiño akapiga kelele, akigonga meza. "Rudi jikoni, mama!"

Nélida akaendelea kutazama uwanja. Mikono yake ilikuwa baridi, na Ademar akaichukua yote miwili akaiweka chini ya koti lake. Ya nne, farasi wake akashinda peke yake, wengine wakiwa bado kwenye kona.

Sasa mzee mmoja akasogea na kofia mkononi. "Shemeji, kweli Carbonero?"

"Matope yanafika kifundoni. Wale wengine wana kwato ndogo, watazama. Za kwake ni pana kama sahani. Na leo asubuhi alikuwa anapiga mlango wa banda kwa mateke. Hajafanya hivyo tangu baridi ianze."

Mzee akaenda dirishani. Wengine wakamfuata. Nélida naye akainuka akanunua tiketi moja, ya kwanza maishani mwake. Cuitiño akambetia Lucero Fino, kipenzi cha wote.

Mita elfu moja na mia nne. Lucero Fino akatoka mbele, matope yakiruka mpaka kwenye uzio. Carbonero alikuwa wa sita, kisha wa tano. Kwenye kona wenzake walianza kukanyaga kama watu waliovaa viatu vya kuazima, naye akawapita kwa upande wa nje, shingo chini, bila haraka. Mita mia mbili kabla ya mwisho alikuwa wa pili. Ademar akasimama juu ya kiti, mdomo wazi, bila sauti, akipunga mikono yote. Carbonero akavuka mstari wa kwanza, mbele ya Lucero Fino kwa urefu wa farasi wawili.

Baa ilikuwa kelele tupu. Ademar hakushuka kitini. Akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akaliinua juu ya kichwa chake, akageuka nalo pande zote ili kila mtu aone: NI YEYE. MIAKA YOTE NI YEYE.

Kelele zikafa. Wakasoma, wengine wakisomeana. Kisha yule mzee akaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea mpaka nje kwenye mvua.

Cuitiño akavua kofia yake. "Mama Nélida... Jumapili nani?"

"Sikiliza redio kama wenzako."

Akachukua tiketi yake akaenda dirishani. Foleni ikafunguka ili apite mbele. Akakataa. Akasimama nyuma kabisa, mvua ikimwangukia mabegani, akisikiliza jina lake likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na alitamani foleni isisogee.